Hata Mbuyu Ulianza Kama Mchicha

Methali hiyo twaijua sote. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuuona mbuyu ungali mchicha? Sisi hutazama mibuyu mikubwa tu. Pale Boma, mji ambao Stanley aliufikia mwezi wa Agosti 1877, mbuyu wenye pango shinani ulipewa jina lake. Na huko Zimbabwe mbuyu ulioitwa Panke uliishi miaka 2,450 hivi.

Lakini wazee hawa wanatuaga. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba katika mibuyu 13 iliyo mizee kupita yote waliyoipima, 9 ilikuwa imekufa, au mashina yake ya kale yamekufa, kwa muda wa miaka 12 tu. Basi warithi wako wapi? Wengi huliwa na mbuzi, wengine huungua kwa moto wa nyika. Hata sisi wenyewe twaweza kuwang'oa bila kuwajua, maana majani ya mche mchanga ni mamoja-mamoja. Hayajagawanyika mfano wa vidole, kama yalivyo ya mti mkubwa.

Atakaye kupanda na afanye hivi. Avunje buyu, aoshe mbegu hata unga wote utoke. Ganda la mbegu ni gumu mno, maji hayapenyi upesi. Kwa hiyo azikwaruze kwa jiwe, au azimwagie maji ya moto na kuziacha humo usiku kucha. Kisha azifukie kina cha sentimita 2 katika mkebe uliotobolewa chini, wenye udongo uliochanganywa na mchanga. Mbegu hazioti zote siku moja. Avumilie majuma kadhaa. Amwagilie kwa kiasi, kwani maji yaliyotuama huozesha mizizi. Majani yakipukutika wakati wa kiangazi, asiutupe mche: haukufa, umelala tu. Mvua zikianza, auhamishe mahali penye jua, mbali na nyumba, na auzungushie ua wa miiba.

Matunda yatakawia miaka mingi. Labda atakayeyala ni mjukuu. Lakini majani ni mboga nzuri, nayo hupatikana mapema. Wazazi, walimu, nanyi wanafunzi, tunaionea fahari mibuyu ambayo hatukuipanda. Na sisi tuwaachie watakaotufuata japo mmoja.