Hedseti isiyo na waya kazini: linda sikio lako na siri ya mteja

Kama uko Riyadh au Jeddah na kazi yako ni kupokea simu za wateja, hedseti inakaa kichwani mwako karibu siku nzima. Kabla hujaipokea au kujinunulia, soma haya. Kuna vitu viwili vya kulinda: sikio lako na maneno ya unayeongea naye.

SIRI YA MTEJA NI AMANA

Sisi wauguzi tulifundishwa nyumbani, na tukafundishwa tena ughaibuni, kwamba siri ya mgonjwa haitoki nje. Mteja anapokutajia namba ya iqama, kadi ya benki au ugonjwa wake, hiyo nayo ni amana. Saudi Arabia ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, iliyotolewa mwaka 2021, na utekelezaji wake kamili ulianza Septemba 2024. Mchezo huo usicheze nao!

Hedseti hizi hupeleka sauti kwa mawimbi ya redio. Za Bluetooth kwa kawaida hufika kama mita 10. Za DECT, zenye kitako cha mezani, hufika mbali zaidi na zinafaa ofisi yenye watu wengi. Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walionyesha kuwa simu nyingi za DECT zingeweza kunaswa, na mwaka 2019 ukaonekana udhaifu katika Bluetooth. Kwa hiyo:

- Uliza kama sauti inafichwa kwa msimbo. Kwa DECT, ulizia ngazi C ya usalama.
- Chagua ambayo kiwanda bado kinatoa masasisho ya programu yake, na uyaweke.
- Iunganishe mara ya kwanza ukiwa faragha. Kama ni ya mtumba, futa kwanza vifaa vyote vya zamani.
- Ukiagiza DECT kutoka Marekani, angalia masafa. Kule ni 1920 hadi 1930 MHz, Ulaya ni 1880 hadi 1900. Muulize muuzaji ipi imeruhusiwa Saudia.

SIKIO HALINA SPEA

Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki! Chagua hedseti yenye kikomo cha sauti na kinga dhidi ya kelele za ghafla.

Dada zangu mnaovaa hijabu, kitambaa kikikaa kati ya sikio na hedseti, sauti hufifia nanyi mnaongeza. Ivaeni chini ya hijabu, au tafuteni ya sikio moja iliyo nyepesi.

Jeddah kuna joto na unyevu, na sikio lililofunikwa muda mrefu huloa jasho na kupata maambukizi. Pumzisha masikio kila saa, futa hedseti kila siku, na usiazime sponji za mwenzako. Sikio likiwasha, usichokonoe kwa vijiti vya pamba.

NENDA HOSPITALI LINI?

Mlio masikioni usioisha, maumivu au usaha, muone daktari. Sikio likiacha kusikia ghafla, nenda siku hiyo hiyo, maana matibabu ya mapema ndiyo yenye nafasi ya kuliokoa. Kwa ushauri, piga 937, namba ya Wizara ya Afya ya Saudia.

Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, na kazi yako inautegemea. Kazi njema, ndugu zangu!