Pikipiki Iliyotumika: Kusoma Historia Yake Kabla ya Kununua

Katika mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, pikipiki si chombo cha anasa. Hupokea abiria stesheni ya reli, hubeba magunia ya mpunga, na humfikisha mgonjwa zahanati kutoka vijiji ambavyo basi halifiki. Kijana anayetaka kuanza kazi ya bodaboda aghalabu hana fedha za kununua chombo kipya. Hununua kilichotumika, na pengine hulipa mapato ya msimu mzima wa kilimo. Akikosea hupoteza mtaji wake. Na breki zikishindwa kwenye mteremko, huweza kupoteza uhai wake pamoja na wa abiria wake.

Mnunuzi atajuaje basi yaliyoipata pikipiki kabla haijafika mikononi mwake? Huko Uingereza, pikipiki iliyotimiza miaka 3 hukaguliwa kwa lazima kila mwaka, na masafa iliyokwisha kwenda huandikwa kila mara. Mnunuzi huweza kuzisoma kumbukumbu hizo akiijua namba ya usajili. Japani nayo hudai ukaguzi wa namna hiyo, lakini kwa pikipiki zenye injini inayozidi sentimeta za ujazo 250 tu. Bodaboda zetu nyingi zina injini za kati ya 100 na 150. Hata huko Japani zisingekuwa na kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo mnunuzi wa Katavi hana budi kuikusanya historia kutoka kwa mashahidi kadhaa, kisha kutazama kama ushahidi wao unapatana.

Shahidi wa kwanza: karatasi

Kadi ya usajili hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Huonyesha jina la mwenye chombo, namba ya usajili inayoanza na herufi MC, namba ya chesisi na namba ya injini. Muuzaji asipokuwa yule aliyetajwa kwenye kadi, aonyeshe mikataba ya mauzo inayounganisha jina hilo na lake, bila kiungo kukosekana. Kabla ya kulipa, ni busara kuihakiki kadi katika ofisi ya Mamlaka, na kuuliza kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Iwapo chombo kiliwahi kupata ajali na kukaguliwa na polisi, muuzaji aombwe nakala ya taarifa ya ukaguzi huo. Stakabadhi za vipuri na daftari la fundi nazo zina thamani, hasa zikiwa na tarehe na idadi ya kilometa.

Shahidi wa pili: namba zilizogongwa

Namba ya chesisi hugongwa kwenye fremu, mara nyingi karibu na shingo ya usukani. Kwa utaratibu wa kimataifa ina tarakimu na herufi 17, wala haitumii I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Herufi ya kwanza hudokeza mahali chombo kilipotengenezwa: L ni China, J ni Japani, na pikipiki za India huanza na M.

Isomwe namba hiyo kwenye chuma chenyewe, herufi kwa herufi, kisha ilinganishwe na kadi. Alama za tupa, rangi mpya mahali hapo tu, au mstari usionyooka ni dalili mbaya. Nyundo inapogonga namba, fuwele za chuma zilizo chini yake hubanwa na kubadili mpangilio wake. Hata namba ikifutwa kwa tupa, chuma kilichobanwa huweza kubaki chini, na maabara za upelelezi huweza kuiibua tena kwa kupaka tindikali, kwa sababu sehemu hiyo hulika tofauti na nyingine. Mwenye kununua mali ya wizi huweza kupoteza chombo na fedha zake, na hata kujibu mashtaka.

Shahidi wa tatu: uchakavu

Mita ya kilometa huweza kubadilishwa. Tufanye hesabu. Bodaboda ikienda kilometa 80 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, itakwenda kilometa 24,000. Kwa miaka 3, 72,000. Mita ikionyesha 18,000, yafaa kuuliza. Pengine chombo kilitumika kidogo. Pengine mita ni mpya. Au pengine mita ya tarakimu tano imepita 99,999 na kuanza tena.

Jibu litafutwe kwenye raba za kukanyagia, kwenye meno ya sproketi na kwenye mnyororo. Mnyororo wa aina ya 428, unaotumika kwenye pikipiki nyingi ndogo, una milimeta 12.7 kutoka pini hadi pini. Nafasi 20 za mnyororo mpya ukivutwa ni milimeta 254. Pini na vikombe vyake vinapolika, urefu huongezeka. Ukizidi kwa asilimia 2, yaani kufikia milimeta 259 hivi, mnyororo umechoka. Ubavuni mwa tairi nako kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Shahidi wa nne: moshi na vumbi

Injini iwashwe ikiwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha ugumu wake wa kuwaka. Moshi wa buluu unaoendelea ni dalili kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi ni dalili ya petroli kuzidi hewa.

Wakati wa kiangazi barabara za udongo za Katavi hutimka vumbi, na ndani ya vumbi mna chembe za kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7, yaani ngumu kupita chuma cha kawaida cha silinda. Chujio la hewa likitoboka au likiondolewa, chembe hizo husaga ringi na silinda, na oili hupata njia ya kupanda. Mnunuzi aombe chujio lifunguliwe alitazame.

Mwisho, kamba inyooshwe kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Nafasi zisipolingana, huenda fremu au uma wa mbele umepinda kwa ajali. Viungo vya kulehemu visivyo vya kiwandani vitazamwe pia.

Kupima ushahidi

Dalili moja haitoshi kuhukumu. Mnyororo mpya si kosa, na mita mpya si wizi. Lakini mita ikisema kidogo, raba zikisema mengi, moshi ukiwa wa buluu na stakabadhi zikikosekana, mashahidi wasiotegemeana wamesema neno moja. Ndivyo mwanasayansi anavyofikia uamuzi, na ndivyo apaswavyo kufanya mwenye kutoa fedha zake.

Zoezi kwa darasa: Nafasi 20 za mnyororo wa 428 zimepimwa na kupatikana milimeta 262. Tafuta ongezeko kwa asilimia. Je, mnyororo huo unafaa kuendelea kubeba abiria?