Basari Si Zawadi ya Mbunge

Huku Gusii, ratiba ya mwanasiasa hupangwa kwa kufuata mazishi. Nyanchwa, mlima ulio kando ya mji wa Kisii ambako Waadventista Wasabato walianzisha misheni mwanzoni mwa karne ya 20, familia nyingi hazizikani Jumamosi kwa kuheshimu Sabato. Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa magari ya maiti hupishana barabarani, na mbunge mwenye wapambe hodari huwa ameshajua mapema ni boma gani limefiwa, ni la ukoo upi na waombolezaji watakuwa wangapi.

Mheshimiwa hufika hema likiwa limejaa. Huwasalimu akina mama kwanza, humkabidhi mwenyekiti wa kamati ya mazishi bahasha, kisha kiasi kilichomo hutangazwa kwenye kipaza sauti. Anapopewa nafasi ya kusema, humsifu marehemu kwa sentensi mbili tatu, halafu hugeukia madarasa aliyojenga na watoto aliowalipia karo. Kabla hajaondoka kuelekea mazishi mengine, picha zake zimeshafika kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp ya eneobunge zima.

Kumzika mtu wenu si kosa. Kiongozi asiyeonekana msibani huhesabiwa mwenye kiburi, na anastahili lawama hiyo. Lakini kadiri uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 unavyokaribia, ni lazima tuulize: sifa hizi zinazomwagwa mbele ya jeneza zinajengwa kwa fedha za nani?

Jibu liko katika sheria iliyopitishwa mwaka 2003, baada ya mbunge wa Ol Kalou, Muriuki Karue, kupigania wazo la kila eneobunge kupata mgao wake wa maendeleo. Hazina hiyo, ambayo leo ni NG-CDF, hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu katika mapato ya taifa, na hugawiwa maeneobunge yote 290. Ni kodi ya mwendesha bodaboda anayenunua petroli, na ya mama anayenunua sukari. Tena, chini ya sheria ya mwaka 2015, mbunge hata si mwanachama wa kamati ya eneobunge inayosimamia fedha hizo.

Sasa tazama safari ya basari inayotoka katika hazina hiyo. Mzazi huchukua fomu, huipeleka shuleni ipigwe muhuri, kisha kwa chifu atie sahihi. Kamati hukaa, majina hupita, hundi huandikwa kwa jina la shule. Hapo ingetosha kuipeleka shuleni. Badala yake, mara nyingi wazazi huitwa uwanjani, hema hukodishwa, na hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango huinuliwa mbele ya kamera mheshimiwa akiwa katikati. Sherehe ikisubiri nafasi katika shajara yake, muhula huwa umeanza na mtoto ameshatumwa nyumbani kutafuta karo. Ni sawa na mwenye duka kukurudishia chenji yako kisha adai umshukuru.

Mahakama zetu zimeligusa jambo hili. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi kama huo kuhusu sheria ya 2015, na mvutano ukaingia Mahakama ya Rufaa. Kiini cha kesi hizo ni kwamba mtunga sheria, ambaye kazi yake ni kuikagua serikali inavyotumia pesa, hafai kuwa ndiye anayeonekana akizigawa.

Kifungu cha 95 cha Katiba kinalipa Bunge la Taifa kazi ya kuwawakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuichunguza serikali. Kazi hiyo haina hema wala ngoma, ndiyo maana haipigwi picha. Lakini imeandikwa. Kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansadi, zinasomwa na yeyote kwenye mtandao. Shirika la Mzalendo, lililoanza mwaka 2005, hufuatilia ushiriki wa wabunge katika mijadala. Idadi ya hotuba haielezi kila kitu, kwa sababu kazi kubwa hufanyika kwenye kamati, lakini mbunge anayenyamaza mwaka mzima Nairobi hawezi kuufunika ukimya huo kwa kipaza sauti cha mazishini.

Abagusii wamewahi kupima wakubwa wakaona wamepungua. Mwaka 1969 Lawrence Sagini, waziri katika baraza la kwanza la Kenya huru, alishindwa na Zachary Onyonka, mhadhiri wa uchumi. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Simeon Nyachae. Alikuwa tajiri, mwana wa Chifu Musa Nyandusi, mgombea urais wa 2002 ambaye chama chake cha Ford-People kilipata viti 14 bungeni, tena wakati huo alikuwa waziri wa barabara. Alikuwa ameshikilia eneobunge la Nyaribari Chache tangu 1992. Wapigakura wakamchagua Robert Monda.

Basi mheshimiwa akija kwako, mpe kiti na umpe chai, kisha umwulize. Mwaka huu ulisema nini bungeni kuhusu bei ya majani chai ya wakulima wetu? Uko kwenye kamati gani, na mmekagua nini? Kamati ya basari iligawa shilingi ngapi, na orodha ya walionufaika imebandikwa wapi? Bajeti ilipopigiwa kura, ulipiga upande gani?

Anayeyajibu haya kwa ushahidi anastahili kurudi bungeni hata kama hakuleta bahasha. Asiyeweza, 1969 na 2007 zinamwonya kwamba jina kubwa halitamwokoa.