Injini imefungwa upya, gia zimekaba: fundi aanzie wapi?

Mafuriko ya Aprili 2024 katika bonde la Rufiji yalifunika mashamba na nyumba huko Muhoro, Kibiti na delta, na vyombo vya moto havikusalimika. Injini iliyolala ndani ya maji yale haikutoka na maji peke yake. Ilitoka na tope laini, na kwa upande wa delta, ambako bahari ikijaa hupandisha maji yake hadi ndani ya mto, ilitoka na chumvi. Injini ya namna hiyo hushushwa, ikapasuliwa, ikasafishwa, ikabadilishwa beringi na sili, kisha ikafungwa tena. Hapo ndipo tatizo la pili linapozaliwa: bolti ya mwisho imekazwa, fundi anakanyaga kiki, na kiki inagoma. Au inashuka kwa shida, au gia moja ikiingia haitoki tena.

Injini nyingi za bodaboda za Kichina, na za pikipiki za matairi matatu za kubebea mizigo, ni za ukoo mmoja. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976, injini nyepesi kutunza, na viwanda vya China vikaiiga kwa wingi. Alama 156FMI iliyogongwa kwenye kesi humaanisha silinda moja yenye kipenyo cha takriban milimita 56, inayopozwa kwa hewa, ya pikipiki, ya cc 125. Pikipiki nyingi ndogo za matairi manne, zile za kupita mchangani na matopeni, zina mpangilio huo huo: krenki na giaboksi ndani ya kesi moja iliyogawanyika kushoto na kulia.

Ndani ya giaboksi kuna shafti mbili. Moja hupokea nguvu kutoka kwenye klachi, nyingine huipeleka kwenye sproketi ndogo ya mbele. Gia zote zimeshikana muda wote. Kinachobadilika ni gia ipi imefungamana na shafti yake, na kazi hiyo hufanywa na gia zinazoteleza pembeni zikisukumwa na foku, nazo foku huongozwa na mifereji ya ngoma ya gia. Shafti lazima ziwe na uhuru kidogo wa kusogea upande kwa upande, sehemu chache za kumi za milimita. Ukiumaliza uhuru huo, giaboksi inakaba hata kama kila kifaa ni kipya kutoka dukani.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa cha gharama. Fundi alegeze bolti za kesi kidogo kidogo huku akizungusha shafti kwa mkono. Shafti ikifunguka pale bolti zinapolegea, basi kuna kitu kirefu kuliko nafasi yake. Mara nyingi ni washa, kile kipete chembamba cha chuma kwenye ncha ya shafti au katikati ya gia. Washa huganda na oili kwenye beringi ya zamani, fundi akadhani imepotea akaweka nyingine, sasa zipo mbili. Au imehama kutoka nafasi yake, ikakaa juu ya ukingo wa shafti na kubanwa hapo. Gasketi nayo ina hesabu yake. Ya karatasi ya nusu milimita ikitolewa na kuwekwa silikoni tupu, kesi zinasogeleana na ule uhuru mdogo unaliwa wote.

Beringi isiyokaa hadi mwisho wa shimo lake huleta kosa lile lile. Kesi ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha beringi inapopata joto. Ukiipasha kesi mpaka tone la maji lichemke juu yake, beringi hushuka bila kugongwa kwa nguvu. Namba iliyo ubavuni ndiyo ya kwenda nayo dukani: 6203, kwa mfano, ni milimita 17 ndani, 40 nje na 12 unene, popote ilipotengenezwa.

Kabla ya kuilaumu giaboksi, itenganishwe na krenki. Klachi ikiwa haijafungwa, viwili hivi havishikani, kwa hiyo kila kimoja kizungushwe peke yake. Krenki ikiwa ndiyo nzito, huenda imevutwa upande mmoja wakati kesi zikikutanishwa kwa bolti. Kuigonga kidogo kwenye ncha kwa nyundo ya mpira huirudisha katikati. Kwa pikipiki ya mizigo, propela shafti ifunguliwe pia, kwani zipo zenye sanduku la gia ya nyuma lililo nje ya injini, na kosa linaweza kuwa huko.

Namna inavyokaba nayo inasema mengi. Uzito wa mzunguko mzima huashiria kubanwa kwa pembeni. Uzito unaorudi mahali pale pale huashiria jino lililovunjika, shafti iliyopinda au punje ya mchanga. Ikijifunga gia fulani inapoingia, foku zimebadilishana nafasi na zinaingiza gia mbili kwa pamoja. Ikikaba baada ya kukaza nati ya klachi, kuna bushi au washa iliyosahaulika nyuma ya hauzingi.

Lipo moja linalowapotosha mafundi wengi: gia kukataa kuingia injini ikiwa mezani. Meno ya ubavuni mwa gia zinazoteleza hukutana jino kwa jino, na bila shafti kuzunguka hayawezi kuingiliana. Azungushe shafti huku akibadilisha gia, la sivyo atafungua injini isiyo na kosa.

Kukanyaga kiki kwa nguvu ili ‘ijizoeshe’ ni kosa kubwa kuliko yote haya. Aluminiamu hupasuka, na kesi ni ghali mno ukilinganisha na gasketi. Bolti za milimita 6 zinatosheka na takriban nyutoni mita 10, zikikazwa kwa kupishana, na shafti ijaribiwe baada ya kila bolti chache.

Mwenye chombo naye ana haki yake. Kabla klachi haijafungwa na oili haijamiminwa, amwombe fundi azungushe shafti mbele yake, gia ya kwanza hadi ya mwisho.