Jinsi urefu wa papa unavyofichua hali ya bahari

Mnamo Aprili 2000, wajumbe wa Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Walio Hatarini (CITES) walikutana Gigiri, jijini Nairobi. Mjadala uliovuma ulikuwa wa pembe za ndovu, lakini mezani palikuwa pia na mapendekezo ya kuwalinda papa wa aina tatu. Mmoja wao alikuwa papa shilingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya madoa mfano wa sarafu mgongoni mwake. Mapendekezo hayo yote hayakupita.

Ugumu mmoja wa kuwatetea papa ungalipo hadi leo: hawahesabiki. Ndovu wa Tsavo huhesabiwa kutoka angani. Papa huonekana tu anapofikishwa ufuoni. Hivyo basi, wanasayansi hutegemea kipimo ambacho hakihitaji zaidi ya futi kamba, yaani urefu kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mkia.

Papa huendelea kukua kadiri umri unavyosonga, ingawa kasi hupungua uzeeni. Uvuvi ukizidi, wachache hufikia uzee. Wakubwa huadimika na wastani wa urefu wa wanaovuliwa hushuka. Mtaalamu anayejua kasi ya ukuaji wa aina fulani anaweza kukadiria kiwango cha vifo kutokana na wastani huo.

Kipimo cha pili ni urefu wa kuanza kuzaa. Papa pingusi, mwenye kichwa mfano wa nyundo, huzaliwa akiwa na takriban nusu mita, na jike hukomaa akiwa amevuka mita 2. Iwapo wengi wanaoletwa ufuoni hawajafikia kimo hicho, maana yake ni kwamba wanavuliwa kabla ya kuacha kizazi. Hasara hiyo haifidiwi upesi, kwa kuwa papa huzaa watoto wachache, tofauti na samaki wanaotaga mayai maelfu kwa maelfu.

Hata hivyo, takwimu za urefu zinaweza kupotosha. Pingusi wachanga hukaa karibu na pwani, ilhali wakubwa huishi bahari kuu. Mvuvi wa mtumbwi atapata wadogo hata kama wakubwa wamejaa tele huko nje. Tena, jarife lenye macho mapana huwaachilia wachanga, na nyavu za macho madogo huwanasa. Kwa hiyo, kila kipimo huhitaji kuambatana na aina ya chombo, mahali na msimu, kwa miaka mingi mfululizo.

Umuhimu wa takwimu hizi umeongezeka tangu Machi 2013, CITES ilipowaorodhesha pingusi mjini Bangkok. Uamuzi huo ulipoanza kutekelezwa Septemba 2014, nchi ililazimika kuthibitisha kisayansi kwamba biashara haitadhuru aina hiyo kabla ya kuruhusu mapezi kuuzwa nje. Nchini Kenya, vibali vya CITES viko mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lenye makao makuu katika barabara ya Lang'ata, Nairobi.

Kibali kikitolewa bila takwimu, papa wanaweza kwisha. Kikinyimwa bila takwimu, mvuvi hupoteza riziki bila sababu. Ndiyo maana papa hupaswa kupimwa mapema, kabla kisu hakijaondoa kichwa na mapezi.