Chupa za vitamini bandarini Kalemie

Mashua zitokazo Kigoma, Tanzania, hushusha Kalemie, Kongo, unga, sabuni, nguo, na humo mizigoni hukosi vikopo vya vitamini. Wengi huviona kama peremende za afya. Serikali haivioni hivyo.

Bidhaa zinazoingia Kongo hupita kwa DGDA, yaani forodha, na kwa OCC, ofisi inayopima ubora. Dawa zina msimamizi wake, ACOREP. Mgogoro huanzia kwenye lebo: maandishi yakisema kidonge kinatibu kisukari au shinikizo la damu, hakihesabiki tena kuwa chakula, na dawa haiingizwi kiholela. Kikopo kimoja cha matumizi yako ni jambo moja. Katoni nzima ni biashara, hata ukiapa kwamba ni ya shangazi.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mfano ni Apetamin, sharubati ya kunenepesha inayouzwa kwa jina la vitamini. Ndani yake mna siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi mzito. Marekani haikuiidhinisha, na imewaonya raia wake wasiitumie. Hata vitamini A yenyewe ikizidi hujikusanya kwenye ini, na kwa mjamzito yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kibali cha Tanzania hakigeuki kibali cha Kongo. Kabla ya kupakia, soma viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, tunza risiti, na dawa uliyoandikiwa isafiri na karatasi ya daktari.