Vumbi la Makumbi Badala ya Pitimosi katika Vitalu vya Miche

Wakulima wengi wanaootesha miche ya mboga kwenye trei hutumia pitimosi, yaani mabaki ya mimea ya vinamasi yaliyooza nusu kwa maelfu ya miaka. Husifiwa kwa wepesi wake na kwa kuhifadhi maji. Hata hivyo, huchimbwa katika nchi za baridi kama Kanada na Ufini, hivyo bei yake huwaelemea wakulima wadogo.

Ughali huo usiwe kisingizio cha kuchimba udongo mweusi wa mabondeni. Udongo huo husaidia kutunza maji wakati wa kiangazi. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito.

Kwa kata zenye minazi, mbadala upo: vumbi la makumbi. Makumbi yaliyoozeshwa baharini hubeba chumvi inayounguza miche. Kwa hiyo, vumbi lilowekwe katika maji yasiyo na chumvi, likamuliwe, na kazi hiyo irudiwe mara mbili au tatu. Kwa kuwa lina rutuba ndogo, lichanganywe na kiasi sawa cha mboji iliyoiva na kuchekechwa. Mchanganyiko ukifumbatwa mkononi, ushikamane bila kuchuruzika maji.

Wananchi wanashauriwa kuanza na trei moja ya majaribio, na kumwona Afisa Ugani wa kata kwa maelekezo zaidi.